Nililipa 80,000 kusomeshwa ardhi ya Wajapani wa kale

Mimi ni dalali wa viwanja na vibanja (kibanja ni kipande unachokikalia juu ya ardhi yenye hati ya mtu mwingine), upande wa Kireka na Bweyogerere, pembeni mwa Kampala, Uganda. Nilikulia kambini Jinja, marehemu baba alikuwa askari, kwa hiyo Kiswahili ndiyo lugha niliyogombezwa nayo utotoni. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba kwenye darasa hili sikwenda kama msomi. Nilipelekwa na maneno ya karani mmoja mstaafu, mzee aliyepiga chapa barua za ardhi maisha yake yote. Aliniambia, "Wewe unayeuza vibanja, nenda ukasikie Wajapani walivyokuwa wakila shamba moja watu watano, na wote wana haki."

Darasa lenyewe ni Jumamosi nne, saa nane mchana mpaka saa kumi na moja, kwenye chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Old Kampala. Ada ni hiyo shilingi 80,000 za Uganda, chai na mandazi ndani yake. Mwalimu ni mtu wa makamo aliyeishi miaka kadhaa Kyoto, mji wa kale wa wafalme wa Japani. Anafundisha kwa Kiswahili, akikwama anatupa neno la Kiganda na kuendelea. Tulikuwa tisa: yule mzee karani, mama anayeuza maharage sokoni Kalerwe, kijana wa boda, wanafunzi wawili wa chuo, wengine sikuwazoea. Mada ni shoen, yaani milki za ardhi za watu na mahekalu huko Japani, zilizoanza karne ya 8 na kufa kabisa mwishoni mwa karne ya 16.

Jumamosi ya kwanza nusura nidai hela yangu. Saa nzima na nusu ilikwenda kwa wafalme na majina ya enzi zao, na kijana wa boda alilala waziwazi. Kilichofaa kingetosha dakika kumi: dola ilidai kwamba mashamba yote ya mpunga ni yake, ikawagawia watu kila baada ya miaka 6, na mtu akifa fungu lake linarudi. Mpango huo ukachoka. Mwaka 743 ikatoka sheria kwamba atakayefungua ardhi mpya ataishika moja kwa moja. Nani ana hela ya kuchimba mifereji na kulisha vibarua? Mahekalu makubwa kama Todaiji, na wakubwa wa ikulu. Baadaye wakaomba wasamehewe kodi, wakapewa. Kisha wakaomba maafisa wa jimbo wasikanyage kabisa ndani ya mipaka yao, wakapewa hilo pia.

Chai ilipoletwa ndipo somo lilipoanza, kwa maoni yangu.

Mwalimu alichora ngazi ubaoni akatusimulia kisa cha Kanokogi, milki iliyokuwa jimbo la Higo, kusini. Mtu wa huko alikuwa na ardhi iliyofunguliwa na wazee wake. Maafisa wa jimbo wanamsumbua kila msimu. Mwaka 1086 akaamua kumkabidhi mkubwa mmoja wa ukoo wa Fujiwara ardhi hiyo. Amkabidhi bure? La. Kila mwaka mkubwa atapata koku 400 za mchele (koku ni kipimo chao cha nafaka), na yeye mwenyewe atabaki palepale kama msimamizi, na watoto wake baada yake. Miaka ikapita, warithi wa yule mkubwa nao wakaona mwavuli wao unavuja. Wakapanda ngazi moja zaidi, wakampa binti wa kifalme koku 200 katika zile 400 ili jina lake liwakinge. Ardhi haikusogea hata hatua moja. Kilichosogea ni jina la aliye juu.

Mzee karani aliinua mkono. "Mwalimu, hayo yameandikwa na nani?" Swali la mtu aliyekaa ofisini. Mwalimu akakiri kwamba maandishi hayo yametoka kwenye kesi ya miaka mingi baadaye, wakati hekalu la Toji lilipokuwa likigombea milki hiyo, kwa hiyo yameandikwa na upande wenye maslahi. Mzee akatikisa kichwa kwa raha kama mtu aliyekuta chumvi kwenye mchuzi.

Kisha likaja neno ambalo kwangu lilirudisha ada yote. Wajapani waliita kila fungu kwenye ngazi ile shiki. Mwalimu alisema wataalamu hulizunguka sana neno hilo: wadhifa, haki, mapato ya wadhifa. Akajifuta chaki mikononi, akasema, "Sisi tuna neno. Ulaji."

Tulicheka, halafu tukanyamaza. Maana ni kweli. Juu kabisa kuna ulaji wa mlinzi, mfalme mstaafu au hekalu kubwa. Chini yake ulaji wa bwana wa milki. Chini yake ulaji wa msimamizi, wa mtunza daftari, wa mwenye jina, yaani yule mkulima ambaye shamba limeandikwa kwake ili adaiwe. Kila ulaji unarithiwa, unagawanywa, unauzwa, unapewa binti. Hachijo-in, binti wa mfalme Toba, alikusanya milki zaidi ya 200. Ukiuliza shamba hili ni la nani, unapata majibu matano na yote ni sahihi. Swali lenye faida ni nani anakula nini hapa, na anakula kwa karatasi ipi.

Niseme kilichonichoma. Miaka michache iliyopita nilimuunganisha mwalimu mstaafu na muuzaji wa kibanja, kule njia ya Gayaza. Mapatano yaliandikwa vizuri, mhuri wa mwenyekiti wa LC, serikali ya mtaa, upo, mashahidi wapo, kamisheni yangu nikala. Yule mstaafu akajenga nyumba ya vyumba vitatu akijua amenunua ardhi. Mwaka wa tatu akatokea kijana na hati ya mailo ya babu yake, yaani umiliki wa kudumu wa ardhi huku Buganda, anataka kujua ni nani aliyejenga kwake, na kwa nini hajaona busuulu, ile kodi ya mwaka ya mwenye kibanja, wala kanzu, ile zawadi ya kumtambua mwenye ardhi. Hakuna aliyekuwa mwongo. Muuzaji aliuza ulaji wake. Mnunuzi alidhani ananunua udongo. Na mimi katikati sikuwa na maneno ya kueleza tofauti, au nilikuwa nayo nikayameza kwa sababu ya kamisheni. Wamepatana hatimaye, ila yule mnunuzi hanisalimii.

Ndiyo maana Mwalimu aliposema mailo ni shoen ya Uganda, nilibisha, na bado nabisha. Mkataba wa 1900, wa Waingereza na Buganda, uliwagawia machifu na wakubwa wapatao 1,000 maili za mraba 8,000 kwenye karatasi, na watu waliokutwa juu ya ardhi wakageuka wapangaji kwa usiku mmoja. Ikabidi ije sheria ya 1928 kuweka kiwango cha busuulu na envujjo, yaani tozo ya mazao, na ile ya 1998 kumtambua mwenye kibanja. Kweli, tabaka zipo. Lakini yule wa juu kwenye shoen alikuwa mwavuli: unampa mchele, naye anamzuia mtoza kodi asiingie kwako. Mwenye mailo wa kwetu hanizuilii mtu. Tena bwana wa Kyoto hakuweza kuja na mpima ardhi, akazungusha seng'enge, akauza ekari mbili. Ulaji wake ulikuwa wa mazao yanayokuja kwa mashua, si wa udongo. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwa walimu ni nadra, akasema nimemshika pabaya.

Jumamosi ya pili ndiyo bora. Mwalimu alikuja na visanduku viwili vya mbao alivyochongewa na fundi wa Ndeeba, vya mraba, bila kifuniko. Kwa macho vinafanana. Akamwomba Mama wa Kalerwe ajaze kile cha kwanza maharage na kukipiga mfuto kwa kijiti, kama tulivyokuwa tukipima pishi zamani. Kisha ayamimine kwenye cha pili. Maharage yakafurika, yakamwagika mezani, yakabaki viganja viwili vizima.

"Cha kwanza," Mwalimu akasema, "ndicho cha kupokelea kodi. Cha pili ndicho cha kutolea posho."

Mama akacheka mpaka akashika meza. "Mwalimu, hata sisi tunayo mawili. Debe la kununulia halijabonyea."

Hapo ikaeleweka bila hotuba. Kila milki ilikuwa na kisanduku chake, na milki moja ingeweza kuwa na kimoja cha kupokea na kingine cha kulipa. Mkulima anaambiwa kodi haijapanda, ni ileile ya babu yake. Kilichopanda ni mbao. Mfalme Go-Sanjo alijaribu kukata mchezo huo. Mwaka 1069 aliunda ofisi ya kukagua hati za milki, akawataka wakubwa wote walete karatasi, na mwaka 1072 akatangaza kisanduku kimoja cha kipimo kwa nchi nzima. Ofisi ile haikuwa mzaha: mahali patakatifu pa Iwashimizu palileta milki 34, zikapita 21, 13 zikakataliwa. Ila kisanduku chake hakikushinda vile vya mashambani. Niliguswa zaidi na huyu mfalme mmoja mwenye kisanduku kuliko wote wa wiki ya kwanza, na ningemshauri Mwalimu aanzie hapo.

Siku hiyohiyo alitueleza kwamba si kila milki ilikuwa ya mchele. Yugeshima, kisiwa kidogo, kililipa chumvi. Niimi, milimani, ililipa chuma. Ota, jimbo la Bingo, ilikuwa na bandari yake ya Onomichi ya kuweka na kupakia kodi. Kijana wa boda, ambaye sasa alikuwa macho, akauliza nani alilipia usafiri. Swali zuri sana, na jibu lake lilikuwa la haraka mno. Nilitaka kusikia zaidi juu ya mashua hizo.

Jumamosi ya tatu umeme ulikatika dakika ya ishirini. Projekta ikazima, jenereta ya jirani ikaanza kuunguruma chini ya dirisha, na kwa nusu saa hatukusikia kitu. Hapa mwenye jengo anastahili lawama. Alijua kuna darasa, taa ya akiba hakuna, na alipopigiwa simu hakupokea. Mwalimu alifungua mapazia, akachukua chaki nyekundu, akachora ukutani ramani ya milki ya Togo, jimbo la Hoki, ya mwaka 1258. Ziwa katikati, bahari upande mmoja, malisho na farasi wake, vilima.

Kwanza lakini ilibidi tumjue jito. Mwaka 1185 Minamoto no Yoritomo, mkubwa wa wanajeshi wa Kamakura, mji wa makao ya serikali yake, alipata ruhusa ya kuweka watu wake kwenye milki za watu, wasimamie na kukusanya. Huyo ndiye jito. Baada ya vita vya 1221 Kamakura ilinyang'anya milki zaidi ya 3,000 za walioshindwa, ikajaza majito wapya. Kiwango chao kiliandikwa: katika kila cho 11 za shamba, moja ni yake, na juu ya hapo sho 5 za mchele, kipimo kidogo, kwa kila tan ya ardhi. Cho ni zaidi kidogo ya hekta, na tan ni sehemu moja ya kumi ya cho. Kwenye karatasi si mbaya. Mimi niliyekulia kambini nilicheka kimoyomoyo, maana najua afande akipewa sehemu moja ya kumi na moja huwa anahesabuje.

Kesi zikajaa. Mabwana wa Kyoto wanamshitaki jito, jito anaahidi, msimu unaofuata mchele hauji. Dawa moja waliyoipata ni kuikata milki pande mbili, kila mtu ale kwake bila kumgusa mwenzake. Mwalimu akapitisha chaki katikati ya ramani yake. Huko Togo mstari haukupita kiholela: shamba lilikatwa, msitu ukakatwa, malisho yakakatwa, ili kila upande upate kidogo cha kila kitu. Pembeni mwa mstari wakuu wawili wa serikali ya Kamakura wakaweka sahihi zao. Mzee karani aliinuka akaenda kuugusa ukuta kwa kidole, akaufuata mstari ule toka juu mpaka chini. Ramani bado ipo pale, wamiliki wa jengo wakitaka kuifuta watanisikia.

Kisha Mwalimu akasoma malalamiko ya wakulima wa Ategawa, milki ya milimani jimbo la Kii, mwaka 1275. Vipengele 13, vimeandikwa kwa katakana, zile herufi nyepesi, na wakulima wenyewe. Wanamwandikia bwana wao wa Kyoto kueleza kwa nini mbao anazodai zimechelewa. Tulikuwa tukienda mlimani kukata miti, wanasema, jito anaturudisha, anatuamuru tupande ngano kwenye mashamba ya watu waliokimbia. Na anatuambia msipopanda nitawakusanya wake na watoto wenu, niwakate masikio, niwakate pua, niwanyoe nywele wawe kama watawa wa kike, niwafunge kamba.

Alisoma polepole. Jenereta ilikuwa imezimwa wakati huo. Mimi nimesoma barua nyingi za wanakijiji, za alama ya dole gumba, zinazoanza na salamu ndefu halafu katikati ghafla ndilo neno. Ile ya Ategawa ni ndugu yao. Angalieni pia ujanja wake: wakulima hawasemi hatutaki kutoa mbao. Wanasema mbao zako, bwana, ndizo anazokuzuilia huyu. Wanajua ulaji wa nani umeguswa.

Jumamosi ya nne ilikimbizwa, na hili ndilo kosa kubwa la darasa. Miaka 300 iliyobaki ilisukumwa kwenye saa tatu. Mkubwa wa ukoo wa Kujo, mtu aliyewahi kushika cheo cha juu kabisa chini ya mfalme, alihama mji mwaka 1501 akaishi mwenyewe kwenye milki yake ya Hine mpaka 1504, kwa sababu asipokaa pale wanajeshi wa jimbo wangeikomba yote. Akaandika kila siku: maombi ya mvua, ugomvi, njaa, watu waliouawa kwa kuiba unga wa mizizi. Tulipewa dakika tano za huyu bwana! Ningemsikiliza Jumamosi nzima. Mwisho wa yote ni Hideyoshi, aliyeanza kupima nchi mwaka 1582: kila kipande kikaandikwa mkulima mmoja, kisanduku kikawa kimoja, ngazi ya ulaji ikavunjwa. Mwalimu aliita jambo hilo kuanguka kwa ukabaila. Mimi neno ukabaila silipendi hapa. Tulifundishwa shuleni kumaanisha bwana mmoja na watumwa wake, na darasa lote lilikuwa limetuonyesha kwamba bwana mmoja hakuwepo.

Kitu kimoja tu hakukikimbiza. Mwaka 1463 hekalu la Toji lilikuwa na msimamizi kule Niimi, mtawa aitwaye Yusei, mkali wa kudai. Siku moja alipita mbele ya nyumba iliyokuwa ikijengwa bila kushuka kwenye farasi. Wakamuua. Mwanamke wa pale, Tamagaki, aliyekuwa akimhudumia, akaliandikia hekalu. Anaorodhesha vitu alivyoacha marehemu, anaomba apewe nguo kadhaa za kumkumbukia: moja nyeupe, moja ya hariri, moja ya kawaida. Barua hiyo ipo mpaka leo kati ya karatasi karibu 25,000 za Toji, zile zilizoingizwa na UNESCO kwenye kumbukumbu za dunia mwaka 2015. Mama wa Kalerwe aliuliza kama alipewa. Mwalimu akanyanyua mabega. Mama akasema, "Hawakumpa," akafunga daftari lake.

Ya mwisho kwa atakayejiandikisha. Ngazi za jengo ni kali na hazina mkono wa kushikilia, mwenye magoti mabovu ajue. Viti ni vya plastiki, njoo na mto. Nakala za ramani zimefifia, wino wa fotokopi ni wa kubembeleza, kwa hiyo piga picha ubao kabla haujafutwa. Mandazi ya Jumamosi ya pili yalikuwa ya jana yake. Choo kipo chini, funguo anakaa nao mlinzi, muombe mapema. Ukiwa na Jumamosi mbili tu, lipa za katikati, Mwalimu anakubali shilingi 40,000. Mimi duru ijayo narudi kwa hizo mbili, na yule mstaafu wa njia ya Gayaza nimemtumia ujumbe kwamba nimemlipia nafasi. Hajajibu.